Kitasa Kilichosingiziwa

Nyumba ya mama yangu iko Sigi, pale ambapo barabara ya kutoka Muheza inaachana na tambarare na kuanza kupanda Usambara Mashariki kuelekea Amani. Wageni wanaofika huonyeshwa jengo la zamani la stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, ikakamilika mwaka 1910. Reli yenyewe iling'olewa zamani, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni imekarabatiwa, na leo ndiyo kituo cha taarifa cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Sisi wenyeji, kabla ya reli na kabla ya hifadhi, tunaijua Sigi kwa unyevu wake. Huko juu Amani mvua hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi wa chini hatuko mbali sana na hapo. Masika yakishika, chumvi hulowa ndani ya kopo lililofunikwa, iliki isiyokaushwa vizuri huota ukungu, na milango hufura.

Mlango wa mbele wa nyumba hiyo baba aliuagiza kwa seremala nilipokuwa shule ya msingi. Ni wa mbao nene, wa paneli. Umeelekea upande mvua inakotokea, na paa limetokeza kidogo tu juu yake. Kitasa chake ni kile cha kawaida kinachozamishwa ndani ya ubao: kina mkono wa kubonyeza, ulimi mdogo unaorudi wenyewe kwa spiringi, na chini yake ulimi mkubwa wa pembe nne unaotoka kwa kuzungusha ufunguo. Ulimi huo huingia kwenye tundu la kibati kilichopigwa kwenye fremu. Usalama wa nyumba nzima unategemea kipande hicho cha chuma kulipata tundu lake.

Baba alipofariki, mlango ulikuwa umeshaanza kugoma. Ukitaka kufunga, ulilazimika kushika mkono wa mlango, kuuinua kidogo, kuuvuta kwako kwa goti, ndipo uzungushe ufunguo. Mama alifanya hivyo kila jioni bila kufikiri. Wajukuu wakajifunza. Mgeni akilala kwetu, alielekezwa namna ya kuutumia mlango kama anavyoelekezwa choo kilipo. Kiangazi uliregea, masika ukakaza, na maneno yetu yalikuwa yale yale: kitasa kimezeeka, iko siku tutakibadilisha.

Ubovu wa namna hii hujificha ndani ya mazoea. Bomba likipasuka, siku hiyo hiyo unamtafuta fundi. Mlango unaofunguka kwa kubembelezwa unaweza kukaa miaka mwenye nyumba asiuhesabu kuwa mbovu, kwa sababu mkono wake umeshajifunza kuufidia. Lakini ujuzi huo uko mikononi mwa watu wachache, tena wakiwa wazima, wametulia na wanaona vizuri.

Usiku mmoja wa Aprili pumu ilimbana mama. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu alasiri na umeme ulikuwa umekatika. Dawa yake ya kuvuta haikumsaidia. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, na kila pumzi inatoka na mluzi. Nilimvika khanga nyingine, nikaenda kufungua mlango ili nikatafute gari la kutupeleka Muheza, mwendo wa zaidi ya kilomita 20 za barabara ya matope.

Ufunguo uliingia, ukazunguka kidogo, ukakwama. Niliinua mlango, nikavuta kwa goti, nikafanya yote tuliyozoea kufanya. Haukusogea. Nilipoongeza nguvu nikahisi chuma cha ufunguo kinaanza kujipinda vidoleni, nikauachia. Ufunguo ukikatikia ndani ya kitasa, umebaki na ukuta.

Hatukuwa na njia nyingine ya kutokea. Mlango wa uani ulishazibwa kwa matofali tulipoongeza chumba. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa na kufukiwa kwenye saruji, kwa ajili ya wezi. Mama alinyoosha mkono kuelekea dirishani, akasema kwa shida, "Mwite jirani, mwanangu."

Jirani alikuja na tochi, na mkewe, na vijana wake wawili. Walisukuma kutoka nje, mimi nikavuta kutoka ndani; fremu ikalia, mlango ukabaki pale pale. Mmoja wa vijana akasema wavunje. Baba yake akamkataza kwanza, akapiga magoti kwenye matope, akamulika chini ya mlango. Kisha akaagiza mtaimbo. Aliuingiza chini ya mlango upande wa kitasa, akaweka jiwe kama egemeo, akakanyaga. Niliuona mlango ukipanda, si sana, kama unene wa kidole.

"Jaribu sasa, mdogo wangu."

Ufunguo ulizunguka kwa wepesi, kana kwamba haukuwahi kugoma. Tulimtoa mama akiwa amebebwa kwenye kiti, kijana akakimbia kuamsha mwenye gari la kubebea machungwa, na kabla hakujapambazuka tulikuwa hospitalini Muheza. Alipata nafuu, namshukuru Mungu. Ila muda ule tuliopoteza nyuma ya mlango wetu wenyewe, mtu anahangaika kuvuta pumzi, siwezi kuusahau, na ndio ulionifanya niandike haya.

Mama aliporudi nyumbani nilimpigia simu fundi wa mjini. Bila kuuona mlango alinijibu, "Hicho kitasa kimekufa, kaka. Nunua kipya, nije nifunge." Muuza duka la vifaa vya ujenzi naye alinitandazia vitatu vya bei tofauti mezani. Nilikuwa tayari kulipa. Aliyenizuia ni jirani yule yule wa mtaimbo. Aliniambia neno moja tu: kitasa kikifa, mtaimbo haukifufui.

Basi tukamwita seremala mzee kutoka Kisiwani, mtu aliyeanza kazi ya mbao enzi misumeno ya Sikh Saw Mills, kiwanda cha umma cha Tanga, ilipokuwa ikila misitu hii, kabla ya ukataji huo kusimamishwa katika miaka ya 1980. Nilimwamkia, akaitikia, akamwuliza mama hali yake, akakaa akanywa chai yote. Ndipo akauendea mlango. Naeleza alichofanya hatua kwa hatua, kwa kuwa kila mwenye nyumba anaweza kukifanya bila kumlipa mtu.

Aliufungua mlango wazi kabisa. Ukiwa wazi, umesimama hewani, alitia ufunguo na kuuzungusha. Ulimi ulitoka, ukarudi, ukatoka, ukarudi, bila kusita. "Sikiliza," akaniambia. Nilisikia mlio mkavu, safi, wa chuma kinachofika mahali pake. "Kitasa hakina kosa. Kingekuwa kibovu, kingegoma na mlango ukiwa wazi."

Halafu akaomba sufuria. Alikwangua masizi kwa kidole, akaupaka ulimi mkubwa mbele, akafunga mlango na kuzungusha ufunguo hadi ukagoma. Alipoufungua tena, alama nyeusi ilikuwa juu ya kibati cha fremu, chini ya tundu. Ulimi ulikuwa unagonga chuma badala ya kuingia. Mlango ulikuwa umeshuka.

Akapanda kwenye kigoda kuitazama bawaba ya juu. Skrubu zake zilikuwa na kutu, na mbili kati yake alizizungusha kwa kidole tu, hazikushika kitu. Ubao nyuma yake ulikuwa umeoza ukawa laini. Bawaba ya juu ndiyo inayovutwa na uzito wa mlango. Ikiregea, upande wa bawaba unaachana na fremu kule juu, na upande wa pili, wenye kitasa, unainama. Kila tulipoinua mkono wa mlango ili kufunga, tulikuwa tunafanya kazi ya skrubu zile. Usiku ule mtaimbo ndio ulioifanya.

Kwa upande wa mvua alikuwa na somo jingine. Ubao hunywa maji ukatanuka kwa upana wake. Kwa urefu hauongezeki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mlango unaofura hubana ubavuni. Alipitisha kiganja juu ya mlango, kwenye ule ukingo wa juu ambao hakuna anayeuona, kisha akaniambia nipitishe na mimi. Haukuwa na rangi: mbao tupu, chakavu, zenye vinyweleo. Seremala wa kwanza alipaka vanishi usoni na mgongoni, akaacha ukingo wa juu na wa chini. Ncha za mbao ndizo zinazonyonya maji zaidi ya sehemu nyingine yoyote, na ndizo mafundi wengi huziacha wazi kwa sababu mwenye mali hazitazami.

Mama alikuwa mlangoni anasikiliza. "Kwa hiyo, fundi, miaka yote hii tumekisingizia?"

"Mama, kitasa ndicho chenye sauti. Bawaba ikiumwa hainung'uniki."

Matengenezo yenyewe yalikuwa mepesi. Alichonga vijiti vya mti mgumu uliokauka, akavipaka gundi, akavigongomea kwenye matundu yaliyooza, akakata vilivyozidi, na gundi iliposhika akafunga skrubu ndefu zaidi zilizofika kwenye mbao nzima. Mlango ulipanda. Kwenye kibati alipitisha tupa kidogo ili tundu liwe na nafasi. Nilimwomba arande ubavu uliokuwa unabana, akakataa. Alisema ukiranda mlango wakati wa masika, kiangazi utapata ufa wa kupitisha mwanga na nyoka. Akarudi Julai, mbao ziliposinyaa, akaranda palipostahili, akapaka rangi kingo zote nne. Kitasa hakikuguswa, isipokuwa aliniagiza nikwangue unga wa penseli ndani ya tundu la ufunguo. Mafuta ya kupikia, ambayo wengi humimina humo, alisema huganda yakashika vumbi, na kitasa kizima kikaugua kweli.

Tangu hapo nimekuwa nikiviangalia vitasa kwa makini ambayo sikuwa nayo. Ndani ya kitasa kama cha mama mna vibati vyembamba vinavyosukumwa na spiringi. Meno ya ufunguo huviinua, kila kimoja kwa kimo chake, na vyote vikifika usawa ulimi hupata njia. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyeonyesha, mwaka 1778, kuwa kibati kinaweza kutengenezwa kizuie pande zote mbili: kisipoinuliwa vya kutosha ulimi haupiti, na kikizidishwa haupiti. Ubora wa vitasa umekaa hapo, kwenye idadi ya vibati na usahihi wa vimo vyake. Vile vya bei rahisi vina vibati vichache na tofauti chache za funguo, na ndiyo sababu mafundi hutembea na funguo malaya, na mara nyingine ufunguo wa nyumba ya tatu ukafungua yako. Na ufunguo unaochongwa kwa kuiga ufunguo uliokwisha kuigwa hubeba makosa ya wote waliotangulia. Ukipata kitasa kipya, weka ufunguo mmoja wa asili pembeni, usiutumie, uwe wa kuchongeshea tu.

Hata kitasa kilicho bora kina mwisho wake. Huko London kulikuwa na kitasa cha Bramah kilichowekwa dirishani mwa duka kwa miongo kadhaa, na zawadi kwa atakayekifungua bila ufunguo wake. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikaa nacho siku nyingi, akakifungua. Kitasa humchelewesha mwizi hadi wenye nyumba waamke na majirani wasikie, basi. Hata sheria yetu haikukipa kitasa kazi yote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 293, huhesabu kuwa ni kuvunja nyumba hata kama mtu amesukuma tu mlango uliorudishiwa, au ameufungua kwa ufunguo. Kinachomlinda mama yangu Sigi ni sheria hiyo, na kitasa, na zaidi ya vyote ni familia ile iliyotoka kitandani kwenye mvua kwa kusikia jina lao likiitwa mara moja.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wajenzi wenzangu wa nyumba za kawaida. Tumemfikiria mwizi mno, tukamsahau anayetaka kutoka. Nondo kila dirisha, mlango mmoja wa kutokea, kufuli juu ya kitasa, ufunguo chini ya mto wa mtu mmoja. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, moto ulishika bweni la wavulana usiku. Lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Wanafunzi 67 walikufa. Uingereza waliipata elimu hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi: mwaka 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, watoto waliokuwa wakishuka ngazi kwenda kuchukua zawadi walikuta mlango umefungwa kwa komeo ukiachwa upenyo wa mtoto mmoja mmoja. Walikufa watoto 183. Baada ya hapo sheria ikataka milango ya kumbi ifunguke kwa nje, na mwaka 1892 Robert Alexander Briggs akapata hataza ya komeo linalofunguka kwa kusukumwa na mwili wa anayekimbia. Leo makomeo hayo yako kwenye kumbi na hoteli kubwa. Nyumbani kwetu hayajafika, na pengine hayahitajiki. Kinachohitajika ni mlango ambao mgonjwa, mtoto na bibi kizee wanaweza kuufungua gizani.

Kwa mama tumefanya mambo matatu. Mlango wa mbele, usiku, haufungwi tena kwa ufunguo kutoka ndani. Una komeo la chuma la kusukuma, lililowekwa usawa wa kifua chake, linalofunguka kwa mkono mmoja. Ufunguo hutumika mtu anapotoka nyumba ikabaki tupu. Dirisha la chumba chake nondo zake zilikatwa, zikafungwa upya kwenye fremu yenye bawaba na kitasa kidogo cha ndani. Na jirani wa mtaimbo ana ufunguo wa mlango wetu, sisi tuna wa kwake. Wapo walioniambia kuwa ni hatari kumpa mtu ufunguo wa nyumba. Nawajibu kuwa mtu atakayekuja usiku wa manane kwenye matope kukuokoa ameshapewa nyumba yako tayari, ufunguo ni chuma tu.

Mama sasa anafungua mlango kwa kidole. Siku za kwanza mkono wake uliendelea kuinua, kwa mazoea, na mlango ukamshinda kwa wepesi.

Wewe unayesoma haya na unakaa Lushoto, Bumbuli, Amani, Muheza au popote penye masika mazito, nakuomba mambo machache kabla mvua haijaanza. Fungua mlango wako wa mbele wazi kabisa, uzungushe ufunguo. Ukizunguka vizuri hapo na kugoma mlango ukifungwa, usinunue kitasa. Kagua skrubu za bawaba ya juu. Panda juu ya kigoda upitishe kiganja kwenye ukingo wa juu, na kama ni mbao tupu, upake rangi kiangazi hiki. Kisha zima taa, mwite mzee au mtoto wa nyumba hiyo, umwambie afungue mlango peke yake atoke nje. Kama hawezi, itengeneze njia hiyo wiki hii.